Nundu Iliyowapita Wazee

Ukitaka kumjua Athoumani wa Majunga, usianze na uso wake. Uso wake ulikuwa wa kawaida, wa mtu unayekutana naye sokoni akibishania vitunguu, na kesho yake humkumbuki. Anza na mwiko wake. Mwiko ule ulikuwa mrefu kama kasia, mweusi kwa moshi, umelika upande mmoja kwa kuzoea mkono wa mtu mmoja. Miaka ile uhuru wa Bukini, yaani Madagaska, ulipokuwa bado mchanga, hapakuwa na harusi ya Wangazija mjini Majunga iliyohesabiwa kuwa harusi kama Athoumani hakusimama uani, shuka kiunoni, akigeuza wali katika masufuria ambayo wewe na shangazi yako mngeweza kuogea humo bila kugusana magoti. Pilau yake nimeila mwenyewe, na mimi si mtu wa kusifu chakula cha watu. Kwangu wanaonja mara mbili kabla ya kunipakulia.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Mtu huyu aliyelisha harusi zote za mji alikuwa bado mtoto. Ndevu zilikwisha kuingia mvi, meno ya nyuma yalikwisha kumuaga, lakini mtoto. Kwa Wangazija, mwanamume hafanywi mtu mzima na ndevu. Anakuwa mtu mzima siku anapofanya harusi kubwa ya mila, ile ya kuchinja ng'ombe na kuushibisha mji mzima. Kabla ya hapo, hata awe na wajukuu, ni mwana wa mji tu: anakaa nyuma, anabeba masinia, na wazee wakizungumza barazani yeye kazi yake ni kukohoa taratibu. Athoumani alikuwa na mke, Nadjma, aliyemwoa kwa harusi ndogo ya mlangoni, sherbeti na visheti basi. Harusi kubwa ilikuwa inakuja. Kulikuwa na dume la ng'ombe huko Marovoay, kwa rafiki yake mchungaji, linanenepeshwa kwa ajili ya siku hiyo, na Nadjma alizoea kuwaambia majirani, "Mimi ni bibi harusi mtarajiwa tangu Wafaransa hawajafungasha mizigo."

Katika nyumba ya Nadjma, ambamo Athoumani alikaa, alikuwa akiishi pia Hayrat, binti wa dada yake Athoumani. Dada mtu, Ansoifa, alibaki kwao, kisiwani Nosy Be, na alimleta binti kwa kaka yake ili asome lise, sekondari kubwa ya Majunga. Na kwa mila zao mjomba si mtu wa kuja na peremende siku ya Idi akaondoka. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, akisema ndiyo ni ndiyo. Kwa hiyo mtu ambaye barazani alikuwa mtoto, kwa Hayrat alikuwa mkubwa wa wakubwa. Jambo hilo lilimchanganya kidogo. Lingemchanganya hata waziri.

Lakini kilichomchanganya zaidi ni binti mwenyewe. Nyumbani walizungumza Kingazija, njiani Kisakalava, shuleni Kifaransa, na Hayrat alipita katika lugha hizo kama mtu anayevuka vyumba vya nyumba yake mwenyewe. Na vitu alivyovisema! Asubuhi moja Athoumani alikuwa uani anaosha mchele, jua linampiga usoni, anakunja macho na kulilaani. Hayrat akapita na vitabu vyake.

"Usilitukane, mjomba. Mwanga huo uliondoka kwenye jua hujaanza hata kuuosha huo mchele. Umesafiri njia nzima ndio kwanza unafika."

"Umesafiri kuja kwangu?"

"Kuja usoni kwako."

Akaenda zake shuleni. Athoumani alibaki na mikono ndani ya maji, akaliangalia jua kwa aibu, kama mwenyeji aliyemwacha mgeni mlangoni bila kumkaribisha. Siku hiyo mchele aliuosha mpaka ukakaribia kuyeyuka.

Basi bakaloria, mtihani wa kumaliza lise, ikafanywa, na majina ya waliofaulu yakasomwa kwa sauti katika uwanja wa lise. Athoumani alikwenda akinuka moshi na bizari, akasimama nyuma, maana nyuma ndiko alikozoea. Alipolisikia jina la ukoo wao likitoka katika kinywa cha mkuu wa shule, tena kwa matamshi ya Kifaransa yaliyolifanya lisikike kama jina la manukato, alikaa chini palepale mchangani. Watu walidhani jua limempiga. Na kweli lilikuwa limempiga, lilimpiga tangu asubuhi ile ya mchele.

Sasa, chuo kikuu kilikuwa kimoja tu nchini, kule juu Tananarive, kwenye baridi inayofanya watu watoe moshi mdomoni bila kuvuta tumbaku. Hayrat alitaka kwenda kusomea sayansi awe mwalimu. Kwenda kulihitaji kitanda, chakula, koti na vitabu, mwaka baada ya mwaka, na mpishi wa harusi na dada yake, mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya maua ya ilangilang, hawawezi kuyabeba hayo hata wakiyashika kila mmoja kwa ncha yake. Bila msaada wa masomo, binti angerudi Nosy Be, na bakaloria yake ingetiwa fremu ukutani pamoja na kalenda.

Bahati ilitaka uwe mwaka wa uchaguzi. Mwaka wa uchaguzi, kama mnavyojua, hata mbuzi huahidiwa majani. Vyama viwili vilikuwa vinavutana Majunga, na vyote viwili vilikuwa vimegundua ghafla kwamba nchi ina wanafunzi. Mjumbe wa chama cha serikali alipopita mtaani, aliingia mpaka uani kwa Nadjma, akala kipande cha mkate wa nazi, akamwinamia Athoumani sikioni: "Kwa habari ya binti, usijali. Tutaangalia."

Athoumani aliona mbingu zimefunguka. Alifunga safari kwenda Nosy Be kumpa dada yake habari. Barabara ilimtikisa mpaka bandari ya Ankify, chombo kikamvusha, na hakutulia hata kunawa uso. Alimkuta Ansoifa mlangoni mwa kiwanda, amevaa salouva, kanga ya kufungwa kifuani, nguo yote imelowa harufu ya maua mpaka nyuki walikuwa wakimfuata. Wakaenda pamoja Ambondrona, ambako Ansoifa alikuwa akijenga nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Hayrat. Kwao mama ndiye humjengea binti yake nyumba, na mume huja kukaa humo kama mgeni mwenye adabu. Ansoifa alianza msingi mtoto akiwa hajaota jino, na sasa kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Alikaa juu ya ukuta, akamsikiliza kaka yake mpaka mwisho.

"Nani aliyasikia maneno hayo ya mjumbe?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi, Nadjma na kuku."

"Kuku hatoi ushahidi, kaka." Ansoifa alivuta kanga yake. "Mwanamume akija kumtaka binti yangu kwa kunong'ona, si ningemmwagia maji? Sasa hawa wanamtaka wamchukue kwenye baridi, wamlaze, wamlishe, halafu wananong'ona?"

"Ni serikali, Ansoifa. Serikali ndivyo inavyosema."

"Basi ijifunze kusema. Waseme mbele ya watu wazima wa mji, kwamba watampa pa kulala na chakula mpaka amalize. Wakisema hivyo, mwanangu aende, na madirisha yatasubiri. Wakiendelea kunong'ona, mrudishe nyumbani."

Neno la ndiyo lilikuwa la Athoumani, lakini nyumba ilikuwa ya dada yake, na maneno yale yalikuwa ya kweli. Alirudi Majunga akiwa amebeba chupa ya mafuta ya ilangilang kwa Nadjma na mzigo mwingine usioonekana.

Alipofika, alikuta mji unachemka. Wazee walikuwa wameamua jambo la werevu mno: wangewaalika wagombea wa vyama vyote viwili siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, kwa karamu moja. Ng'ombe mmoja, vyama viwili. Kila mmoja aseme atawafanyia nini wanafunzi, na mji umtoe kijana wake wa kupelekwa chuo kikuu. Mpishi, bila shaka, Athoumani.

Na kijana wa kutolewa? Fahardine, mtoto wa mzee Oumouri.

Hapa niseme ukweli, Fahardine hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mzuri wa sura, mpole, mpiga gitaa hodari. Bakaloria alikuwa ameijaribu, akarudia, na mara zote mbili bakaloria ilimtazama na kusema hapana. Lakini wazee hawakuona tatizo. Kwao ilikuwa wazi kama mchana: neema yoyote inayoingia mjini hupitia mlango wa mtu aliyeulisha mji, na mzee Oumouri alikuwa ameulisha mji kuliko wote. Harusi yake kubwa watu waliizungumzia bado kama tufani. Hawakuwa wakifanya hila wala dhuluma, nawaapia. Walikuwa wakifuata mpangilio uleule wa mikeka ya karamu, wakubwa mbele, wana wa mji nyuma.

Athoumani alijikaza akaenda kwa mzee Oumouri.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kwa habari ya mtoto wa dada yangu, yule Hayrat..."

"Marahaba, Athoumani. Mchele umefika?"

"Umefika, mzee. Ila binti amefaulu, na..."

"Na samli?"

"Samli pia. Mzee, nilikuwa nasema..."

"Nyama uikaushe kidogo mara hii, mara iliyopita mchuzi ulikuwa mwingi," alisema mzee Oumouri kwa upole kabisa, akamuaga. Hakuwa amemdharau. Mtu mzima hasikii neno la mwana wa mji katika mambo ya mji, kama vile wewe husikii mlango unavyolia nyumbani kwako.

Ijumaa ikafika. Watu walijaa katika uwanja wa jirani ya msikiti. Wazee walikaa kwenye mikeka kwa daraja zao, juho na kofia zilizodariziwa, wagombea wawili katikati. Upande wa pili palitundikwa pazia la vitambaa, na nyuma yake wanawake, wakiongozwa na Bi Zaïnaba, mama mmoja mwenye sauti inayoweza kusimamisha pusipusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu, kilichokwisha kushika mteremko. Hayrat alikuwa humo. Nyuma ya wote, kwenye moshi, Athoumani na masufuria yake.

Mgombea wa chama cha serikali alisimama kwanza. Mtu mnene, anajipepea kwa kofia yake.

"Chama chetu hakiahidi hewa," alisema kwa Kimalagasi cha taratibu. "Chuo kikuu kipo. Vitanda vipo. Wali upo kila siku. Tuleteeni kijana mnayemdhamini nyinyi wenyewe, atie saini kuitumikia nchi miaka kumi, nasi tutamlea kama mtoto wetu mpaka amalize."

Akakaa. Akasimama wa upinzani, mwembamba, mwalimu kwa kazi, tai yake imesokotwa na jasho.

"Nauliza tu," alisema. "Mtoto aliyefaulu anatafuta mdhamini wa nini? Kufaulu kwake hakumdhamini? Chama chetu kinasema kila mwenye bakaloria apate posho, kitanda na chakula, awe mtoto wa mkubwa au wa mbeba magunia. Na asifungwe kamba ya miaka kumi."

Sauti ya Bi Zaïnaba ikatoka nyuma ya pazia: "Huyo mwembamba ana maneno matamu. Tatizo funguo za ghala anazo yule mnene!"

Watu wakacheka, hata yule mnene akacheka, maana kuitwa mwenye funguo si tusi. Mzee Oumouri akanyanyua mkono.

"Wageni wetu, tumewasikia. Kijana wetu mtamjua kwa nundu."

Hapa yeyote asiye wa mji angeuliza nundu gani. Ni ile ya mgongoni mwa ng'ombe, nyama laini yenye mafuta, ambayo kwao haikatwi wala haigawanywi. Katika kila karamu hupelekwa nzima kwa mtu ambaye mji umekusanyika kwa ajili yake, bwana harusi au haji aliyerudi Makka. Hakuna anayetangaza. Sinia linapotua mbele yako, mji umekutaja. Na hakuna anayegusa tonge mpaka aliyepewa nundu aseme neno lake la shukrani.

Athoumani alisimama mbele ya sufuria. Nundu ilikuwa ndani, inatetemeka kidogo katika mchuzi. Maisha yake yote alikuwa ameipakua nundu na kuitazama ikienda kwa alikoambiwa. Alimkumbuka Ansoifa juu ya ukuta wa nyumba isiyo na madirisha. Alilikumbuka dume la Marovoay. Aliijua adhabu ya mwana wa mji anayevuruga karamu: faini ya ng'ombe, na kufungiwa kazi. Ng'ombe alikuwa naye mmoja tu katika dunia hii, na huyo ndiye alikuwa utu uzima wake wote, unatembea kwa miguu minne na kula majani.

Akaitoa nundu, akailaza juu ya wali, akamimina samli. Fahardine, kwa kuwa ni kijana, ndiye aliyekuwa na zamu ya kubeba sinia la heshima, alipeleke kwa baba yake, na baba amkabidhi mwanawe mbele ya watu.

"Peleka nyuma ya pazia," alisema Athoumani. "Kwa Hayrat."

Fahardine alilitazama sinia, akamtazama mpishi. "Mjomba Athoumani, moshi umekuingia kichwani?"

"Peleka."

"Baba ataniua."

"Hatakuua. Atachelewa kula tu."

Kisha tabasamu likamtoka Fahardine, tabasamu la mtu aliyefunguliwa kiatu kilichombana tangu asubuhi. "Mimi kule kwenye baridi vidole vingekufa ganzi," alisema. "Nisingeweza hata kupiga gitaa."

Akalinyanyua sinia begani, akaenda.

Alipita mkeka wa wana wa mji. Alipita mkeka wa kati. Alifika mbele ya baba yake, na mzee Oumouri alikwisha kukunja mikono ya juho lake kupokea, na sinia likampita. Nawaambia, nundu ile iliwapita wazee mmoja mmoja, moshi wake ukiwagusa pua, na vichwa vyao viligeuka kuifuata kama alizeti. Hakuna aliyekohoa. Pazia likafunguka, sinia likaingia, pazia likafungwa.

Athoumani alishika mwiko kwa mikono miwili, akageuza wali uliokwisha kuiva.

Halafu Bi Zaïnaba akapiga kigelegele. Akakirefusha, wanawake wote wakakidaka, na uwanja ukajaa sauti ile kama maji yanavyojaa mtungi. Yakawa yamekwisha. Nundu iliyopigiwa kigelegele hairudi, hata aliyeipokea akiwa paka.

"Kuna nini?" mgombea mnene alimuuliza mzee Oumouri. "Kijana yuko wapi?"

Mzee Oumouri alikuwa amebadilika rangi. Lakini mtu hafikii daraja ile bila kujua kumeza. Alinyoosha mgongo, na kwa sauti kavu akasema linalosemwa: "Aliyepewa nundu na atoe neno."

Sauti ya Hayrat ikaja kutoka nyuma ya pazia. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ileile iliyoomba chumvi jana yake jikoni, na Athoumani, aliyeijua kwa kila hali, hakuitambua.

"Nawashukuru watu wazima wa mji, na nawaomba radhi kwa njaa yenu, sitawachelewesha. Mimi nimefaulu bakaloria, nataka kusoma. Namuuliza mgeni wa kwanza: nikiugua, nikarudia mwaka, bado ni mtoto wenu, au mnanirudisha na koti lenu?"

Mgombea mnene aliacha kujipepea. Aliwatazama wazee, safu juu ya safu, wote wakimtazama yeye. Akaelewa kwamba hapa hakuna sikio la mtu mmoja la kunong'onea. "Ukiugua tutakutibu," alisema. "Ukirudia, mwaka mmoja tutavumilia. Pa kulala na chakula, mpaka umalize. Nimesema."

"Na miaka kumi nitaitumikia wapi?"

"Popote nchi itakapohitaji mwalimu."

"Nosy Be inahitaji. Nikipelekwa huko, saini naitia mara mbili." Wanawake wakacheka. "Na mgeni wa pili, neno lako nimelipenda zaidi, sikufichi, kwa sababu ningekuwa nimepita peke yangu bila kumpokonya mtu nundu. Lakini mkishindwa, mwaka huu nitakula nini?"

Mwalimu mwembamba alipangusa shingo. Alikuwa mkweli, Mungu amjaalie. "Tukishindwa, binti yangu, hatuna wali. Tuna midomo tu."

"Basi tumieni midomo. Huyu anilishe, na nyinyi mkae mlinde chungu. Chakula kikichelewa mpige kelele mpaka kije."

"Hilo naliahidi," alisema mwalimu, na akacheka mpaka tai ikalegea.

Athoumani aliwaangalia watu wale, waliowahi kwenda Makka, waliochinja makundi ya ng'ombe, waliokaa meza moja na magavana. Wote walikuwa wanaangalia mikono yao au pazia. Kitambaa kilikuwa cha maua mekundu, cha bei rahisi, alikinunua Nadjma. Siku zote alidhani utu uzima ni kitu kinachokaa kwenye mikeka ya mbele. Sasa alikiona kimetoka nyuma ya kitambaa, na kilikuwa kimelala nyumbani kwake muda wote huo, kikila wali wake na kumdai chumvi.

"Bismillahi," alisema mzee Oumouri, na mji ukaanza kula.

Faini ilikuja kabla masufuria hayajaoshwa: ng'ombe mmoja, na asishike mwiko katika shughuli yoyote mpaka wazee watakaposema basi. Nadjma alilia kidogo, akapangusa uso.

"Ng'ombe wangu wa harusi," alisema.

"Nitakuoa tena, bibi harusi. Nitaanza na ndama."

"Mimi sitasubiri ndama akue. Nitamnenepesha mwenyewe kwa maneno."

Dume likaletwa, likachinjwa. Lakini kosa walilofanya wazee ni hili: faini huliwa na mji, na aliyetozwa haruhusiwi kuipika. Wakampa mwiko mtu mwingine, jina lake nalisitiri, ana wajukuu. Nyama ilikuwa mbichi katikati na imeungua pembeni, wali ukashikana mpaka ungeweza kujengea. Mzee Oumouri alitafuna, akatafuna, akaangalia mbali. Adhabu ya mwiko ikafutwa kabla watu hawajanawa mikono.

Mwanzo wa mwaka wa masomo, Athoumani alimpeleka Hayrat Tananarive mwenyewe, sanduku kichwani, juho la kuazima begani kwa ajili ya baridi. Kitanda kilikuwepo. Alikikalia kukijaribu, akakigonga miguu. Saa ya chakula ilipofika, Hayrat akamwombea ruhusa, akaingia naye katika bwalo la wanafunzi.

Athoumani alivua kofia, kama mtu anayeingia mahali patakatifu. Masufuria! Yale yake ya Majunga yangekuwa vikombe mbele ya haya. Mvuke ulipanda mpaka darini. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na trei, wavulana na wasichana, watu wa nyanda za juu na watu wa pwani, wengine viatu vya kung'aa na wengine viatu vya kufungwa kwa uzi. Athoumani alikazia macho mkono wa mama mpakuaji. Aliungoja usite, ujaze kwa mtoto wa mtu fulani, upunguze kwa mwingine. Haukusita. Upawa ulishuka na kupanda, sawasawa, sawasawa. Kijana mmoja aliyeletwa na gari lenye bendera alikuwa nyuma ya binti wa mbeba magunia, na alingoja zamu yake akipuliza vidole.

Athoumani alimsogelea mpakuaji, akamuuliza kwa Kisakalava chake, "Mama, na nundu mnampa nani?"

Mama yule akacheka. "Nundu? Tunaikatakata, inaingia katika mchuzi wa wote."

Aliposhiba, aliniambia baadaye, alitaka kuusifu wali ule, lakini dhamira ikamkataza: ulikuwa na maji mengi.

Chama cha serikali kilishinda, kama ilivyotarajiwa. Posho ya Hayrat ilikuja, mara nyingine ilichelewa, na kila ilipochelewa mwalimu yule mwembamba alipiga kelele katika gazeti la chama chake mpaka ikaja. Kwa hiyo alilishwa na mmoja na kulindiwa chungu na mwingine, kama alivyowaambia. Saini ya miaka kumi aliitia, na walimpeleka Nosy Be.

Siku alipoanza kazi, Ansoifa alifanya karamu Ambondrona, katika nyumba ambayo sasa ilikuwa na madirisha, ya rangi ya bluu. Hayrat alikuwa amepanga vitabu katika sebule iliyojengwa kwa ajili ya bwana harusi. Wazee walikuja kutoka Majunga, mzee Oumouri mbele yao, na Fahardine na gitaa lake. Athoumani, bado mwana wa mji, alikuwa uani na mwiko.

Masinia yakatoka. Wazee wakangoja nundu ipite, kila mmoja akichungulia masinia ya mwenzake. Wali ukaanza kupoa.

"Mjomba," Hayrat aliita kutoka dirishani, "nundu yangu iko wapi?"

"Imo," alijibu Athoumani, akafunika sufuria. "Kuleni mtaikuta."

Mzee Oumouri alitia mkono katika sinia lake, akaleta tonge mdomoni, akatafuna polepole: ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha nundu. Akaacha kutafuna. Akamtazama Fahardine, aliyekuwa ameketi mkeka wa nyuma kabisa na sinia lake, naye anatafuna vilevile, macho yamemtoka kwa utamu.